BUNDI WA NYASINI, MLINZI WA SHAMBA ASIYESHUKURIWA

Katika nchi za Meru na Embu, kama katika sehemu nyingine nyingi za Kenya, bundi hana sifa njema. Akilia usiku karibu na nyumba, watu wengi husema kwamba msiba u karibu, naye hufukuzwa kwa mawe. Lakini yuko bundi mmoja ambaye si desturi yake kutua juu ya mapaa ya watu. Makao yake ni chini, katikati ya nyasi ndefu, naye huadhibiwa kwa makosa asiyoyatenda.

Wataalamu humwita Tyto capensis. Katika Kenya hupatikana kwa uchache tu katika nyanda za juu, mahali penye nyasi ndefu na unyevu. Uso wake ni mweupe, wenye umbo la moyo. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia iliyokoza sana, na miguu yake ni mirefu. Asichanganywe na bundi yule mwingine mwenye uso mweupe, akaaye katika maghala na dari za makanisa, kwa maana huyo mgongo wake ni wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijivu.

Mchana hulala ndani ya nyasi. Kwa kupita mara kwa mara hufanya vijia vilivyofunikwa juu na majani, na mwisho wa kijia kimojawapo ndipo jike hutaga mayai yake, kwa kawaida 2 hadi 4, juu ya majani yaliyolazwa tu. Huyaatamia kwa siku 32 hivi, na dume humletea chakula. Baada ya kuanguliwa, makinda hukaa wiki 7 hivi kabla ya kuweza kuruka. Basi jamii hiyo yote yahitaji karibu miezi mitatu ya amani. Moto ukiwashwa siku moja tu katika muda huo, kazi yote imepotea.

Na ndege huyu ana faida gani kwa mkulima? Chakula chake kikubwa ni panya. Kila mwenye shamba la mahindi, mtama au maharagwe awajua panya kwa hasara yao. Panya wa shambani aweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, naye hubeba mimba kwa siku 23 hivi tu. Mwaka 1962, panya walizidi mno katika mashamba ya Kenya, wakala mahindi na ngano kwa wingi. Bundi peke yake hawezi kuzuia baa la namna hiyo. Lakini katika miaka ya kawaida yeye hufanya kazi kila usiku, wala hadai mshahara.

Anayetaka ushahidi aweza kuupata kwa urahisi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Donge hilo likivunjwa kwa kijiti, mafuvu ya panya huonekana ndani yake, na hata mtoto wa shule aweza kuyahesabu.

Kuhusu habari ya msiba, yafaa watu wafikiri. Bundi hulia usiku mwingi, lakini wengi wamelala hawamsikii. Wanaomuuguza mgonjwa ndio wanaokesha. Wao humsikia, na mgonjwa akifa, hukumbuka kile kilio. Usiku ule aliolia na mtu asife, hakuna aukumbukaye.

Adui za bundi huyu leo ni watatu. Wa kwanza ni moto. Wa pili ni jembe, maana nyasi na mabonde yenye maji yanazidi kugeuzwa mashamba. Wa tatu ni sumu ya panya. Panya aliyekula sumu za namna fulani hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa, na bundi akimla, sumu humwingia yeye pia.

Ng'ombe wahitaji majani, na hapana awezaye kumwambia mkulima asiyakate. Hata hivyo, aweza kuacha ukanda wa nyasi ndefu kando ya mto au mpakani, kukata sehemu kwa sehemu badala ya kuchoma zote, na kuwafukia panya waliokufa kwa sumu. Akikuta mayai au makinda chini, aondoke polepole na kupaacha mahali pale mpaka waruke. Tena akumbuke kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumwua bundi kwa sababu ya hofu tu.

Wazee wa zamani walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dhiki ya mkulima ni ghala tupu, na rafiki huyu hulilinda hilo ghala kabla mahindi hayajafika ndani yake.