Subira ya Mwenye Silaha

Katika vijiji vya Bình Định, nchi iliyolala kati ya milima na bahari katika Vietnam ya kati, jambo la kwanza ambalo waalimu wa kale walimfundisha mtoto aliyeletwa kwao kujifunza ilimu ya mapigano lilikuwa kusimama. Mwalimu alimpanua miguu kupita upana wa mabega, akamkunjisha magoti hata akawa kama mtu aliyepanda farasi asiyeonekana, akamnyosha mgongo ukawa wima kama mlingoti, akamweka ngumi mbili kiunoni. Kisha akawasha kijiti cha ubani, akakichomeka mbele ya madhabahu ya mababu wa fani ile, na kumwamuru asiondoke mahali pake mpaka kijiti kimekwisha. Msimamo huo kwa lugha yao huitwa tấn, na hata pale ambapo saa imeshika kazi ya ubani, mwanafunzi bado huanzia hapo. Moshi wa manukato, nao, ni wa nchi ile tangu zamani za zamani, kwa kuwa Bình Định ilikuwa makao ya wafalme wa Champa hata mwaka 1471, na Champa ndiyo ile Sanf ya mabaharia wa Kiarabu, ambayo udi wake, udi sanfi, ulisifiwa katika bandari za Bahari ya Hindi karne nyingi kabla hazijaja merikebu za Wazungu.

Kijiti hakijafika robo, mapaja ya mtoto huanza kutetemeka. Jasho humwingia machoni naye hana ruhusa ya kulifuta, maana mikono ina kazi yake kiunoni. Pumzi hupanda kifuani, na ipandapo huinua mabega, na mabega yakiinuka nyayo nazo hupoteza ardhi. Hapo ndipo mwalimu, aliyekuwa kimya muda wote, humjia na kumgusa kwa kidole chini ya kitovu, ishara ya kuwa pumzi ishuke ikae pale. Mtoto akiitii ishara ile, mtetemo haumwachi, wala maumivu hayapungui, lakini polepole hujiona kuwa anaweza kukaa nayo pasipo kukimbizwa nayo. Mimi naamini hakuna somo la ushujaa lililo bora kuliko hilo, wala lililo jepesi zaidi kudharauliwa na mpita njia, ambaye akichungulia uani huona watoto wamesimama tu.

Wengi wetu tumezijua fani za namna hii kwa njia ya sinema, na sinema hupenda makelele na miruko. Kwa Wavietnam wenyewe asili ya jambo ni nyingine, nayo imetokana na hali yao ya dunia, kwa kuwa walikuwa taifa dogo kando ya dola kubwa ya China, lililolazimika mara kwa mara kupigana na majeshi yaliyolizidi kwa idadi na kwa silaha. Na katika dhiki hiyo walipata zile kanuni tatu ambazo kila mwalimu huzirudia: ulaini hushinda ugumu, wachache huweza kuwakabili wengi, na utulivu hutawala mwendo. Kanuni ya tatu ndiyo yenye kuzibeba nyingine mbili. Mtu arukaye kwanza amekwisha kuutoa uzito wake, hawezi kuurudisha kabla mguu haujagusa chini, na katika muda huo mfupi ni mali ya adui; bali aliyetulia huliona bega likianza safari kabla ya ngumi, na huweza kuchagua apishe, azuie, au aingie.

Hata mafunzo ya mwendo wameyafunga kwa utulivu. Kila mfululizo wa mapigo una shairi lake, liitwalo thiệu, ambalo beti zake hutaja hatua moja baada ya moja, na mwanafunzi hulihifadhi moyoni kabla ya kuruhusiwa kushika fimbo, silaha ambayo kijiji cha Thuận Truyền kina sifa yake kama An Vinh kilivyo na sifa ya ngumi. Watu waliolelewa kwa tenzi hawatashangazwa na hayo. Shairi humpa mwili mizani, na asomaye kimoyomoyo hawezi kupapia.

Lakini mtu akidhani utulivu huu ni wa uani pekee, atakuwa ameusoma nusu. Mwaka 1288, Wamongolia walipoivamia nchi ile mara ya tatu, jemadari Trần Hưng Đạo hakuung'ang'ania mji mkuu wa Thăng Long, ambao leo ni Hanoi. Watu walihama, chakula kikafichwa, adui akaingia katika nyumba tupu. Jahazi zilizomletea nafaka zilikwisha kuvunjwa na Trần Khánh Dư huko Vân Đồn. Njaa ilipowalazimisha wavamizi kuondoka, na merikebu zao zikashika njia ya mto Bạch Đằng kuelekea baharini, tayari magogo ya miti migumu yaliyochongwa ncha yalikuwa yamekitwa katika matope ya mto, kwa hesabu kwamba maji yakijaa yayafunike yote na yakipwa yayafichue. Mashua ndogo zikatokea, zikapigana kidogo, zikajifanya kukimbia, merikebu kubwa zikazifuata, maji yakaanza kutoka.

Mtu wa Lamu au Pemba, ajuaye bamvua na maji mafu, atafahamu upesi ni subira ya namna gani iliyotakiwa hapo, kwa maana bahari haiharakishwi na amri ya jemadari yeyote. Askari waliojificha katika vijito na vichaka walikaa mikuki mkononi, adui akipita mbele ya macho yao, wakiutazama mstari wa maji kwenye ukingo ukishuka kidogo kidogo. Miaka 350 kabla yao Ngô Quyền alikuwa ameitumia hila hiyohiyo katika mto huohuo, na bado ilifaulu. Ô Mã Nhi, yaani Omar, amiri wa merikebu zile, alitekwa.

Miaka 12 baadaye jemadari huyo alikuwa kitandani akingoja mauti, na mfalme akaja kumwuliza afanyeje adui akirudi. Jibu lake, kama wanavyolieleza wanahistoria wao wa kale, ndilo ninaloliona kuwa kiini cha tadbiri yao yote. Adui ajaye kwa kishindo cha moto na upepo, alisema, ni mwepesi kuzuiwa; wa kuogopwa ni yule ajaye polepole, mfano wa kiwavi wa hariri alavyo jani, asiyetaka ushindi wa haraka, na huyo hukabiliwa kwa kuchagua majemadari wazuri na kwenda kwa kadiri ya wakati, kama mtu achezavyo sataranji. Mfano huo hauko mbali na desturi za watu wake. Hata sasa, katika sherehe za mwaka mpya, vijiji hucheza sataranji ya watu, ambayo kete zake ni vijana wa kike na wa kiume 32 waliovaa mavazi rasmi na kukaa kimya uwanjani, kila mmoja akingoja zamu yake.

Wala subira yao si uzito wa miguu. Nguyễn Huệ, mwana wa Bình Định, alipopata habari kwamba majemadari wake wameuacha mji wa Thăng Long kwa jeshi la China na kurudi nyuma hadi Tam Điệp, hakuwaadhibu. Aliwafanyia askari wake sikukuu ya mwaka mpya kabla ya siku yake, na mwaka 1789 akaingia mjini siku ya tano ya sikukuu yenyewe. Na wafuasi wa Vovinam, fani ya mapigano iliyoanzishwa na Nguyễn Lộc mwaka 1938 chini ya utawala wa Kifaransa, husalimiana kwa mkono uwekwao juu ya moyo: mkono wa chuma, moyo wa huruma.

Mfalme aliyetawala katika vita vya mwaka 1288 alikuwa Trần Nhân Tông. Mwaka 1293 alimwachia mwanawe kiti cha enzi, na mwaka 1299 akavaa joho la utawa na kupanda mlima Yên Tử, akaanzisha huko tariqa ya Kibuddha iitwayo Trúc Lâm, maana yake Msitu wa Mianzi, akafuata njia ya tafakuri mpaka alipofariki mwaka 1308. Kilele cha mlima huo kina urefu wa mita 1,068, na siku isiyo na ukungu mtu aliyesimama pale huuona mto wa Bạch Đằng ukielekea baharini.