Chungu cha Nyumbani na Damu ya Wazee Wetu

SIFA zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika safu ya kwanza ya msikiti wetu alikuwapo mzee mmoja ambaye adhana ya alfajiri ilimkuta daima amekwisha kufika. Leo anasali kitini, na anapohirimia sala mkono wake wa kulia haunyanyuki. Alipatwa na kiharusi. Walipopima damu yake, madaktari walikuta lehemu, iitwayo pia kolesteroli, imepanda mno. Mkewe alituambia kwa masikitiko: "Sheikh, hakuwahi kulalamika hata siku moja."

Hapo ndipo penye hatari. Lehemu iliyozidi haileti homa wala maumivu. Kwa asili yake si adui, kwani ini lenyewe huitengeneza, na mwili huihitaji kujenga seli na homoni. Lakini ile iitwayo lehemu mbaya ikizidi, hupenya katika kuta za mishipa na kujirundika humo kwa miaka mingi, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake; ikiziba mshipa wa moyo ni shambulio la moyo, ikiziba wa ubongo ni kiharusi. Umri nao una sehemu yake: lehemu hupanda kadiri mtu anavyoingia utu uzima, na kwa kina mama hupanda zaidi baada ya hedhi kukoma.

Nasi hatukusalimika. Tulipovuka miaka hamsini tulipimwa, na kipimo kikazidi milimoli 5 kwa lita, kiwango ambacho kwa kawaida watu wazima hushauriwa wasikivuke. Nyumbani tukapikiwa chungu cha mgonjwa, mboga za kuchemsha zisizo na ladha, huku watoto wakila pilau pembeni yetu. Tulistahimili wiki tatu, kisha tukarudi kwenye sinia. Kosa halikuwa la mama wa nyumba. Kosa letu sote lilikuwa kudhani kwamba chakula bora ni adhabu ya mgonjwa, ilhali ni haki ya kila anayekula katika nyumba ile.

Tutazame desturi zetu. Kwenye hitima na walima, mzee hutengewa nyama yenye mafuta mengi, na hiyo ndiyo heshima. Mbaazi hupikwa kwa tui zito, wali hutiwa samli, na Ramadhani ikifika sambusa, katlesi na kaimati huelea katika mafuta kila magharibi. Wengi hujiliwaza kwamba mafuta ya mimea hayana lehemu. Ni kweli hayana, lakini zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi, na takriban nusu ya mafuta ya mawese, ni yale yenye kuganda, ambayo hulipunguzia ini uwezo wa kuondoa lehemu mbaya katika damu. Sukari na wanga uliokobolewa, vikizidi, hupandisha mafuta ya aina nyingine, yaitwayo trigliseridi.

Je, kubadili chungu kunasaidia kweli? Majirani zetu wa Bahari ya Hindi, watu wa Mauritius, wametupa jibu. Mwaka 1987 serikali yao ilianza kampeni ya afya, na mafuta ya kupikia ya bei nafuu, yaliyokuwa kwa sehemu kubwa ya mawese, yakabadilishwa kuwa ya soya. Kufikia mwaka 1992 wastani wa kolesteroli ya watu wazima ulishuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita, ingawa unene haukupungua bali ulizidi. Hawakupikiwa kila mmoja chungu chake; kilichobadilika ni mafuta yaliyoingia katika chungu cha wote.

Basi na sisi tuanzie hapo hapo. Mafuta ya alizeti au ya soya yachukue nafasi ya samli na mawese, nayo yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kwa makadirio. Tui liwe jepesi, na lisiwe la kila siku. Maharage, kunde na choroko vipewe heshima ya kitoweo, kwani nyuzi zake hunasa nyongo tumboni, na ini hulazimika kutumia lehemu ya damu kutengeneza nyongo nyingine. Vibua na dagaa vichukue siku kadhaa za nyama, ugali uwe wa dona, na matunda na mboga za majani visikose mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa kila mtu mzima.

Wala hili si geni katika dini yetu. Aya ya 31 ya Surat Al-A'raf inatuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo inatukataza israfu. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akijichosha kwa saumu na kisimamo cha usiku, kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Ikiwa ibada haikuruhusiwa kuudhulumu mwili, sembuse sahani ya biriani?

Tunawanasihi waliofikia miaka arobaini na kuendelea wakapimwe damu, hata kama hawaumwi. Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa sababu ameanza kula vizuri. Amuulize daktari wake. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), na hakupingani na tawakkul.

Nanyi vijana, mkitaka kuwakirimu baba na mama zenu, wapeni kipande cha samaki na bakuli la kunde, kisha kaeni mle pamoja nao sinia moja. Mzee akitengewa chakula chake peke yake hujiona mgonjwa. Akila na wanawe hujiona baba.

Tunamwomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie tuilinde amana ya miili yetu. Wabillahi tawfiq.