Haidrojeni kutoka kwenye sukari ya mimea: siri iko kwenye kichocheo

Mkulima anayetia urea shambani anatumia haidrojeni, pengine bila kujua. Gesi hiyo huunganishwa na naitrojeni ya hewani kupata amonia, na amonia ndiyo inayotengenezewa urea. Lakini sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Gesi ikipanda bei, mbolea nayo hupanda. Je, haidrojeni haiwezi kupatikana kutoka kwenye mimea?

Mwaka 2002, Randy Cortright, Rupali Davda na James Dumesic wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walionyesha kwamba inawezekana. Waliyeyusha sukari ndani ya maji, wakayapasha moto hadi nyuzi 225 hivi za Selsiasi chini ya shinikizo kubwa ili yasigeuke mvuke, kisha wakayapitisha juu ya madini ya platini. Kiwandani, kuipata haidrojeni kutoka kwenye gesi asilia huhitaji nyuzi 700 na zaidi.

Platini hapo ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kutumika. Kazi yake ni kukata vifungo kati ya kaboni na kaboni, haidrojeni ikaachwa huru. Kikichochea vifungo visivyotakiwa, haidrojeni hurudi kushikamana na kaboni na kuwa methani. Hapo tumepata hasara.

Tatizo ni kwamba platini ni ghali mno. Mwaka 2003 George Huber, John Shabaker na Dumesic walieleza kwamba, baada ya kujaribu michanganyiko zaidi ya 300, nikeli iliyotiwa bati ilifanya kazi karibu sawa na platini. Nikeli peke yake hutoa methani nyingi, bati huipunguza.

Bado kuna vikwazo. Glukosi hutoa haidrojeni kidogo kuliko gliserini, na vichocheo huchakaa. Hewa ya ukaa inayotoka ni ile iliyofyonzwa na mmea, lakini kulima na kusafirisha pia hutumia mafuta. Tena, sukari ni chakula. Kwa hiyo tunaona njia yenye matumaini zaidi ni kutumia mabaki, kama gliserini inayobaki mafuta ya mimea yanapogeuzwa dizeli, badala ya kugombania shamba na sahani.