Simu Ndani ya Kompyuta: Faida Yake na Hadhari Yake

Vijana wetu hutuuliza mara kwa mara: je, programu ya simu ya kutazamia filamu au kusikilizia darasa yaweza kufunguliwa katika kompyuta ya mezani, ili watu wa nyumbani watazame pamoja badala ya kusongamana juu ya simu moja? Jawabu letu ni kuwa yawezekana. Lakini yataka ujuzi kidogo na hadhari nyingi.

Yatupasa kwanza tuijue sababu ya programu hizo kutofunguka zenyewe. Programu ya Android imetungwa kwa mfumo wa Android, na simu nyingi zina prosesa za aina ya ARM. Kompyuta nyingi za mezani zina mfumo wa Windows na prosesa za Intel au AMD, ambazo lugha yake ni nyingine. Basi hapo huhitajiwa mkalimani, naye ndiye emuleta, yaani programu inayojifanya simu ndani ya kompyuta. Iliyo mashuhuri ni BlueStacks, iliyotoka kwa majaribio mwaka 2011. Microsoft nayo ilileta njia yake katika Windows 11 mwaka 2021, kisha ikakoma kuihudumia tarehe 5 Machi 2025.

Mkalimani huyu hali bure. BlueStacks 5 hutaka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 kwa uchache, na nafasi ya gigabaiti 5 katika diski. Tena yafaa uwashwe ule uwezo wa prosesa wa kuendesha mfumo ndani ya mfumo. Usipowashwa, picha huenda ikikwama. Hata hivyo, ziko programu za filamu ambazo zikitambua kuwa hazimo katika simu ya kweli hukataa kufunguka, au hutoa picha hafifu, kwa kuwa wenye filamu hujilinda na wizi wa kunakili.

Ama hadhari, isikilizwe kwa makini. Mwezi wa Februari 2021, wataalamu wa kampuni ya ESET walitangaza kuwa wahalifu waliingilia njia ya kupelekea masahihisho ya emuleta iitwayo NoxPlayer, wakawapenyezea watu wachache wa Asia programu za upelelezi. Watu hao hawakuokota kitu njiani. Walipokea masahihisho kwa njia ile ile waliyoizoea. Ikiwa hayo yalipata emuleta inayojulikana, itakuwaje ile isiyojulikana mtungaji wake?

Kwa hiyo twawanasihi wazazi na vijana mambo manne. Kwanza, jaribuni kivinjari cha kompyuta. YouTube na Netflix hufunguka humo bila ya emuleta yoyote. Pili, ikihitajiwa emuleta, ichukuliwe kwa mtungaji wake mwenyewe. Tatu, fungueni humo akaunti mpya, wala msitie ile yenye barua na fedha zenu. Nne, jiepusheni na programu zilizochezewa zinazoahidi bure filamu za kulipiwa. Huko ni kula haki ya mtu, na mara nyingi ndiko mwizi anakoingilia.

Kompyuta ya nyumbani huwa na picha za watoto, barua za kazi na pengine hesabu za duka. Hiyo ni amana ya watu wote wa nyumba. Basi kijana asitie kitu humo peke yake usiku. Na mzazi asikatae tu kwa kutojua, bali aketi naye, wasome pamoja, ndipo waamue.