Mchoro Usioficha Shaka

Askari awekwaye penye kizuizi cha barabara huandika daftarini idadi ya magari yapitayo kila saa. Hesabu zile zikichorwa kwa mihimili, mmoja kwa kila saa, mkuu wake hutambua mara moja ni saa ipi iliyokuwa na magari mengi. Kazi ya wataalamu wa fizikia ya chembe haiko mbali na hiyo.

Katika kituo cha CERN, kilichoanzishwa mwaka 1954 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni huzungushwa katika njia ya chini ya ardhi yenye mzingo wa kilomita 27, kisha hugonganishwa. Migongano huhesabiwa na kupangwa katika mafungu kwa kadiri ya nishati. Fungu likiinuka kupita majirani zake, huenda chembe mpya imejitokeza. Ndivyo ilivyogunduliwa chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012.

Walakini si kila kilima ni ushindi. Mnamo Desemba 2015, vikundi vya ATLAS na CMS vilionyesha kilima kidogo karibu na GeV 750. Wanadharia wakaandika makala kwa mamia. Agosti 2016, hesabu zilipoongezeka, kilima kikatoweka. Kumbe kilikuwa bahati tu. Kwa ajili hiyo yafaa kila mhimili uwe na alama ya shaka. Fungu lenye hesabu 100 laweza kupanda au kushuka kwa 10 hivi pasipo sababu yoyote. Lenye 25, kwa 5.

Hapo ndipo inapofaa mplhep, maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa, katika lugha ya kompyuta iitwayo Python. Imejengwa juu ya Matplotlib, maktaba iliyoanzishwa na Mmarekani John D. Hunter, aliyefariki mwaka 2012. Matplotlib ilikusudiwa watu wa fani zote, na chombo chake cha kawaida cha mihimili hutaka kupewa namba moja moja kisha kizihesabu chenyewe. Wataalamu wa chembe aghalabu huwa wamekwisha kuhesabu. Basi mplhep hupokea mafungu yaliyo tayari, ikayachora, pamoja na alama za shaka mchoraji akiziagiza. Kadhalika, kwa agizo la mstari mmoja, mchoro huvaa sare ya kikundi chake, ATLAS, CMS au LHCb: herufi na vipimo vyake.

Maktaba hiyo hutolewa bure, hata kijana wa kambini mwenye kompyuta aweza kuitumia. Hata hivyo, chombo hurahisisha mkono tu, hakimpi mtu uaminifu. Kama vile askari asivyoongeza gari lisilopita, mchoraji naye hana budi kuonyesha shaka yake.