Mfarishi Mnadani

Akina mama wenzetu, mnada wa kanisani tunaujua. Siku ya mavuno kuku mmoja hununuliwa, akarudishwa mezani, akauzwa tena, watu wakacheka na kapu likajaa. Tunajua pia, tukisema kweli, kwamba kuku tunayempeleka mara nyingi si yule anayetaga kuliko wote.

Ndiyo maana tumependa kuwasimulia habari za akina mama wa Kimennonite wa Ontario, Kanada. (Wasomaji wetu wa Mara hawahitaji kuambiwa Wamennonite ni nani, wako Shirati tangu mwaka 1934.) Mwaka 1967 mnada wa hisani ulianzishwa katika mji mdogo wa New Hamburg, na kinachovuta watu zaidi ni mifarishi.

Mfarishi ni tandiko la kitanda lenye tabaka tatu. Juu ni vipande vya vitambaa vilivyounganishwa kwa mfano wa nyota, maua au pete, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Huwambwa kwenye fremu ya mbao, akina mama wakaketi kuizunguka, kila mmoja na sindano na subana yake, wakashona mishono midogo kama punje za ulezi. Kazi huchukua wiki nyingi. Hapo hapo husemwa habari za mtoto mwenye homa na mume aliyekosa kazi, na bi arusi mgeni hufundishwa bila kuitwa mwanafunzi. Hakuna anayelipwa.

Siku ya mnada mfarishi huinuliwa juu, wote wauone, na dalali huanza kutaja bei. Hebu tujiweke mahali pa mama aliyeushona, naye ameketi katikati ya umati. Bei ikipanda hadi maelfu ya dola, moyo hutulia. Lakini ipo mifarishi inayoondoka kwa bei isiyofidia hata nusu ya kazi. Kutoa kitu bora na kukiona kinathaminiwa kidogo mbele za watu si jambo jepesi, nasi twawasifu kwa kurudi kwenye fremu.

Fedha hupelekwa kwa Kamati Kuu ya Wamennonite kwa kazi zake za misaada, nayo ina historia ndefu na wakimbizi. Iliundwa mwaka 1920 kwa ajili ya wenye njaa huko Urusi na Ukraine. Miaka iliyofuata Wamennonite wapatao 20,000 walihamia Kanada. Mwaka 1924 mamia yao walishuka Waterloo, jirani na New Hamburg, wakagawanywa katika nyumba za wenyeji. Kwa hiyo baadhi ya wanaoshona leo ni wajukuu wa wageni waliolala katika vitanda vya watu wengine.

Mwaka 1979 Kamati hiyo ilikuwa ya kwanza kutia sahihi mkataba na serikali ya Kanada ulioruhusu makanisa kuwadhamini wakimbizi: kuwatafutia nyumba, nguo, shule, na kuwatunza mwaka wa kwanza. Katika miaka 1979 na 1980 Kanada ilipokea watu wapatao 60,000 kutoka Vietnam, Kambodia na Laos. Zaidi ya nusu walidhaminiwa na raia na makanisa.

Miongoni mwa waliokimbia Laos walikuwa Wahmong. Baadhi yao walifika Lancaster, Pennsylvania, Marekani, nako Wamennonite walikuwa wadhamini wao. Wanawake wa Kihmong walikuja na ufundi wa mama zao wa kukata na kudarizi vitambaa, na haukupita muda mrefu maduka ya mifarishi yakawapa kazi. Watalii walinunua wakidhani wamebeba kazi ya mikono ya Waamishi, wakulima wa huko wanaosafiri kwa magari ya farasi. Kumbe mingi ilishonwa jikoni, usiku, na mama kutoka milima ya Laos, watoto wakiwa wamelala. Mama huyo alipata ujira wake. Jina lake halikuandikwa popote kwenye mfarishi.