Msamiati wa Kriketi: Neno "Wiketi" na Hesabu Zake

Mtu aliyezoea kandanda akisikia kwamba matokeo ni "210 kwa 9", aghalabu hudhani kuwa timu moja imepata 210 na nyingine 9. Sivyo. Katika kriketi tarakimu hizo zote mbili ni za timu moja, na ufunguo wake umo katika neno wiketi.

Neno hili lina maana tatu. Kwanza, wiketi ni vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, vyenye kimo cha sentimita 71 hivi, na juu yake vimelazwa vijiti viwili vidogo. Pili, ni ukanda wa ardhi iliyoshindiliwa, wenye urefu wa meta 20 hivi, baina ya vijiti vya upande mmoja na vya upande wa pili. Tatu, ni kule kutolewa kwa mpigaji. Ndiyo maana husemwa kuwa wiketi "imeanguka" hata kama vijiti havikuguswa, kwa mfano mpira uliopigwa unapodakwa kabla ya kufika chini.

Wapigaji hucheza wawili wawili, na hujipatia mkimbio mmoja kila wanapobadilishana ncha za ukanda. Kwa kuwa timu ina wachezaji 11, wiketi ya 10 ikianguka aliyebaki hana mwenzi, na zamu hukoma. Zamu hukoma pia ova zikiisha. Ova ni mipira sita halali ya mrushaji mmoja. Hivyo ova 50 ni mipira 300.

Sasa pambano la Kombe la Dunia lililochezwa Nairobi tarehe 24 Februari 2003 lasomeka bila taabu. Kenya ilipata 210 kwa 9, yaani mikimbio 210 kwa kupoteza wiketi 9. Sri Lanka ilipoteza zote 10 kwa mikimbio 157. Kenya ikashinda kwa mikimbio 53, na mwaka huo ikafika nusu fainali.

Siku hiyo Collins Obuya wa Kenya alipata "5 kwa 24". Kwa mrushaji, wiketi hutangulia: aliwatoa wapigaji 5 na kuruhusu mikimbio 24 tu. Obuya alikuwa mrushaji wa mpira wa kuzungusha. Mrushaji wa namna yake huusokota mpira kwa kifundo cha mkono. Unapogusa ardhi, msuguano huugeuza mzunguko ule kuwa mwendo wa kando, na mpira huacha njia aliyoitazamia mpigaji.